Ofisi ya serikali imenikatalia: maswali ambayo Wakenya huuliza mara kwa mara

Leseni imefutwa, ukuta umepigwa alama ya X, barua haijibiwi, faili "haionekani". Maswali hapa chini ndiyo yanayorudi tena na tena, na majibu ni ya sheria za Kenya. Jambo likigusa ardhi au kodi kuna sheria za ziada, na tumezitaja pale zinapobadilisha jibu.

## Misingi

1. "Uamuzi wa kiutawala" ni nini hasa?

Ni lolote ambalo mwenye mamlaka analiamua, analitenda au analiacha bila kulitenda, kisha likagusa haki au maslahi yako. Kaunti kukunyima leseni ya biashara ni uamuzi wa kiutawala. Chuo kumfukuza mwanafunzi, bodi kumfutia muuguzi usajili, msajili kukataa kikundi chenu, ni mambo ya aina hiyo hiyo. Hata faili kulala mezani miezi minane kunahesabika, kwa kuwa sheria imetaja na kutotenda (tazama swali la 10).

Msingi ni Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010. Kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na utawala kwa haraka, kwa ufanisi, kwa mujibu wa sheria, kwa busara na kwa utaratibu wa haki. Bunge likaitungia sheria yake: Sheria ya Maamuzi ya Haki ya Kiutawala, Na. 4 ya 2015. Humu tutaiita Sheria ya 2015.

2. Karani ameniambia "hiyo ndiyo sheria". Nitajuaje kama ni sheria kweli?

Muulize kwa upole: sheria gani, kifungu kipi? Si swali la ubishi. Afisa wa umma hana mamlaka ya kuzaliwa nayo. Anayo yale aliyopewa na sheria, na anapaswa kuweza kuionyesha.

Juu kabisa kuna Katiba. Chini yake kuna sheria zilizopitishwa na Bunge, na zile za mabunge ya kaunti. Kisha kuna kanuni, ambazo waziri au chombo fulani huzitunga kwa ruhusa ya sheria mama na kuzichapisha. Kanuni ikipingana na sheria iliyoizaa, kanuni ndiyo inayoanguka. Chini zaidi kuna nyaraka za ndani, yaani barua ambazo wakubwa huwaandikia walio chini yao. Waraka unamfunga mtumishi wa ofisi. Wewe haukuwekei wajibu ambao sheria haikuuweka.

Na mwisho kabisa kuna ile karatasi iliyobandikwa dirishani kwa selotepu: "HATUPOKEI FOMU BAADA YA SAA SITA". Huo ni utaratibu wa ofisi, na ofisi inaruhusiwa kujipangia kazi. Lakini kama sheria imekupa siku 14 za kukata rufaa na leo ni ya kumi na nne, karatasi ile haiwezi kuzifanya kumi na tatu na nusu. Dai barua ipokelewe na igongwe muhuri. Wakikataa, itume kwa baruapepe ya ofisi siku hiyo hiyo na uandike saa uliyokataliwa dirishani.

3. Kanuni ikishachapishwa kwenye Gazeti Rasmi, haipingiki tena?

Inapingika. Sheria ya Hati za Kisheria, Na. 23 ya 2013, inamtaka mtunga kanuni ashauriane kwanza na wale watakaoguswa. Baada ya kuchapishwa, kanuni lazima ifikishwe Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Isipofikishwa, inakoma kuwa na nguvu, ingawa yaliyotendeka kabla ya hapo hayafutiki kwa sababu hiyo peke yake. Bunge pia linaweza kuibatilisha.

Jambo ambalo hata maofisa wengi hulisahau: kanuni huisha zenyewe miaka 10 baada ya kutungwa, isipokuwa zimefutwa mapema au muda wake umeongezwa, na nyongeza haizidi miezi 12. Ukitozwa ada kwa kanuni ya zamani, angalia kwanza mwaka wake.

4. Barua yangu lazima iwe ya Kiingereza?

Hapana. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema waziwazi kwamba ombi linaweza kuandikwa kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Barua fupi ya Kiswahili iliyonyooka hushinda ya Kiingereza cha kunakili kutoka kwa jirani, ambayo wewe mwenyewe huwezi kuitetea ukiulizwa.

## Kabla hawajaamua

5. Wanaweza kunifutia leseni bila hata kuniita?

Kwa kawaida, hapana. Uamuzi unaoelekea kukuumiza unatakiwa utanguliwe na mambo kadhaa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya 2015: notisi inayoeleza wanachotaka kufanya na kwa nini; nafasi ya kujieleza; habari, nyaraka na ushahidi wanaoutegemea; na kukujulisha haki yako ya kukata rufaa au kuomba uamuzi upitiwe upya.

Neno zito hapo ni "ushahidi". Kuitwa kikaoni ukaulizwa "una la kusema?" wakati hujaonyeshwa ripoti ya mkaguzi si kusikizwa. Huwezi kujibu karatasi usiyoiona. Ukipata mwito wa aina hiyo, jibu kwa maandishi kabla ya siku ya kikao: omba nakala ya kila hati, na useme kikao kiahirishwe hadi uzipate. Kuomba kuahirishwa ni haki iliyotajwa na sheria yenyewe, pale inapohitajika ili usikizwe kwa haki.

6. Nimepewa notisi ya siku tatu. Inatosha?

Sheria ya 2015 haitaji idadi ya siku. Inasema notisi iwe ya mapema na ya kutosha, na kutosha kunategemea jambo lenyewe. Siku tatu za kuondoa bango lililolegea juu ya barabara zinaweza kutosha. Siku tatu za kubomoa nyumba, zikianza Ijumaa jioni, ni mzaha.

Sheria nyingine hutaja siku, na hapo hesabu ni yake. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya angalau miezi 3 kabla ya kuwahamisha watu walioikalia ardhi isivyo halali. Soma tena: isivyo halali. Hata asiye na hati ana miezi mitatu.

Kuhusu alama nyekundu ya X ukutani: rangi peke yake haisemi ni nani aliyeamua, kwa sheria gani, wala pa kukata rufaa. Ipige picha ionekane na tarehe, kisha uandikie ofisi unayoishuku ukiomba notisi yenyewe. Mfano unaotajwa sana ni wa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Mwaka 2011 wakazi walipewa siku 7 kupitia tangazo la magazeti, wakaenda mahakamani, wakapata amri ya kuzuia, na bado wakabomolewa Novemba mwaka huo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2021 ilikubali kwamba watu wa aina hiyo nao wana haki ya makazi inayoweza kulindwa. Tazama miaka iliyopita katikati. Amri ya mahakama ni silaha, ila tingatinga haisomi. Mwenye amri aifikishe mikononi mwa anayetoa maagizo, na abaki na ushahidi kwamba ameipokea.

7. Naweza kuingia kikaoni na mtu?

Ndiyo. Unaweza kuandamana na mtaalamu unayemchagua, na pale inapofaa uwe na wakili. Unaweza pia kuwahoji mashahidi wanaokusema vibaya. Binafsi naona fundi aliyejenga ukuta wako ana faida kuliko wakili asiyeujua, kama mzozo ni wa ukuta.

8. Tuliitwa ukumbini tukatoa maoni, kisha wakafanya walivyotaka. Huo ni ushiriki wa umma?

Inategemea. Uamuzi unaogusa umma, au kundi kubwa la watu, unahitaji tangazo linaloeleza pendekezo na kuomba maoni, kisha maoni hayo yazingatiwe. Kuzingatia si kukubali. Serikali inaweza kuyasikia yote na bado ikachagua njia nyingine, mradi ieleze sababu.

Kinachoangusha maamuzi mara nyingi ni mambo madogo yanayoonekana: tangazo lilitoka jana, mkutano leo, hati ya kurasa 80 haikupatikana popote, orodha ya waliohudhuria ni ya watu wa kikundi kimoja. Kwa hiyo usitegemee kipaza sauti. Peleka maoni yako kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri.

## Baada ya uamuzi

9. Barua inasema tu "ombi lako limekataliwa". Ni lazima waniambie sababu?

Ni lazima ukiomba, na ni lazima pia pale uamuzi unapoumiza haki yako ya kimsingi. Andika ukiomba sababu chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya 2015. Wana siku 30 za kukujibu kwa maandishi. Wakinyamaza na mkafika mahakamani, sheria inachukulia kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, hadi wao wathibitishe vinginevyo. Ndiyo maana barua hii ya sentensi mbili ina uzito kuliko malalamiko ya kurasa sita: inawageuzia wao mzigo.

Ipeleke nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na urudi nayo. Karani atasema muhuri uko kwa bosi aliyetoka. Msubiri bosi. Nimeona watu wakipoteza kesi nzuri kwa kukosa duara moja la wino wa zambarau.

10. Hawajakataa wala hawajakubali. Wamenyamaza tu.

Kimya kinahesabika kama kutotenda, na unaweza kukipinga kama uamuzi mwingine. Anza na barua ya kukumbusha inayotaja tarehe ya ombi la kwanza na kutoa muda wa haki wa kujibu. Kimya kikiendelea, nenda kwa Ombudsman (swali la 13) au omba mahakama iwalazimishe waamue. Angalia: mahakama itawaamuru waamue, si lazima waamue unavyotaka.

Kwenye kodi kimya kinaweza hata kukupa ushindi. Ukipinga makadirio ya KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) ndani ya siku 30 kwa njia inayokubalika, nao wakakosa kuamua ndani ya siku 60, pingamizi lako linahesabika kuwa limekubaliwa.

11. Nataka nakala za faili langu. Ni sawa na kuomba sababu?

Ni njia mbili tofauti, na unaweza kuzitumia pamoja. Sababu ni maelezo ya kwa nini. Nakala huombwa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari: ombi la maandishi, jibu ndani ya siku 21, au saa 48 kama maisha au uhuru wa mtu umo hatarini. Muda unaweza kuongezwa mara moja kwa siku 14. Asiyejua kuandika au mwenye ulemavu anaweza kueleza kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kumwandikia.

Kuomba ni bure. Wanaweza kutoza gharama halisi ya kutoa nakala, basi. Wakikataa, una siku 30 za kuiomba Tume iliyotajwa katika swali la 13 ipitie uamuzi huo. Zipo habari zinazoweza kuzuiwa, kwa mfano za usalama wa taifa au za siri za mtu mwingine, lakini "faili ni ya serikali" si mojawapo ya sababu hizo.

12. Lazima nianze na rufaa ya ndani, au naweza kwenda mahakamani moja kwa moja?

Kama sheria husika imeweka kamati, bodi au jopo la rufaa, anzia huko. Mahakama huzirudisha kesi zilizoruka ngazi, na wakati huo siku za rufaa zinakuwa zimekwisha. Hapa ndipo wengi huumia. Ukipewa notisi ya utekelezaji chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, una siku 14 tu za kukata rufaa kwa kamati ya maridhiano ya kaunti, nayo ina siku 30 za kuamua. Watu hutumia hizo 14 kumtafuta mwakilishi wadi.

Mahakama inaweza kukusamehe kuruka ngazi katika hali zisizo za kawaida, lakini ni lazima uombe msamaha huo na uutolee sababu.

13. Ombudsman anaweza kunisaidia nini?

Tume ya Haki ya Utawala, ndiyo Ofisi ya Ombudsman, iliundwa kwa sheria ya 2011 na kauli yake ni "Hata mnyonge ana haki". Hupokea malalamiko bure, kwa mdomo au kwa maandishi, kuhusu ucheleweshaji, ukatili, uzembe na matumizi mabaya ya mamlaka. Barua ya Tume mara nyingi huamsha faili lililolala kuliko barua zako tano.

Lakini haishughulikii jambo ambalo tayari liko mahakamani, na kulalamika kwake hakusimamishi saa ya swali la 15.

## Mahakamani

14. Mapitio ya mahakama yana tofauti gani na rufaa?

Kwenye rufaa unasema: uamuzi huu si sahihi. Kwenye mapitio unasema: njia iliyotumika kuufikia ni mbovu. Hawakuwa na mamlaka, hawakunisikiza, walipendelea, walizingatia mambo yasiyohusika, au uamuzi hauna mantiki kabisa. Ukishinda mapitio, jaji kwa kawaida hakupi leseni. Anaufuta uamuzi na kuwarudisha mezani, waanze upya kwa njia iliyo sawa. Wanaweza kukukataa tena, safari hii kwa utaratibu mzuri. Ni vyema kulijua hilo kabla ya kuuza mbuzi.

15. Nina muda gani?

Kuomba uamuzi ufutwe kwa utaratibu wa Agizo la 53 la Kanuni za Mashauri ya Madai ni miezi 6, na kwanza unaomba ruhusa ya mahakama. Ombi la kikatiba halina idadi ya siku, ila ukichelewa bila maelezo jaji anaweza kukufungia mlango.

Kudai fidia ni saa nyingine kabisa. Kesi ya madhara dhidi ya Serikali, kwa mfano gari lake kukugonga, hufunguliwa ndani ya miezi 12. Ya mkataba ni miaka 3. Mtu aliyezoea kwamba ajali ina miaka mitatu hushtuka hapa.

16. Nani anaweza kufungua kesi, na katika mahakama gani?

Wewe mwenyewe, chama chenu, au mtu anayetetea maslahi ya umma. Kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu wote hao. Mambo ya ardhi na mazingira huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ya kazi huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, mengine Mahakama Kuu. Usiye na uwezo, ulizia Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

17. Mahakama kweli hufuta maamuzi ya Serikali?

Hufuta. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliufuta uamuzi wa kusambaza kadi za Huduma, mradi wa nchi nzima, kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu, inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haikufanywa kwanza. Jaji hakusema kadi ni mbaya. Alisema hatua moja ilirukwa.

Mbali na kufuta, mahakama inaweza kuzuia, kulazimisha, kutangaza haki za mtu, na kutoa amri ya muda kesi ikiendelea.

18. Nimeshinda fidia, Serikali hailipi. Nitume madalali?

Hapana, mali ya Serikali haipigwi mnada. Chukua cheti cha amri kutoka mahakamani, kikabidhi kwa afisa mhasibu wa wizara husika, yaani katibu wake, na asipolipa omba amri ya kumlazimisha. Akiidharau, anaweza kuitwa yeye mwenyewe kujibu kwa kuidharau mahakama. Ni safari ndefu, ila jina la mtu likishaandikwa kwenye karatasi mambo husogea.

## Mambo ya pembeni

19. Aliyenionea ni chama chetu, si serikali. Haya yananihusu?

Yanaweza kukuhusu. Sheria ya 2015 inawagusa hata wasio wa Serikali ambao maamuzi yao yanaathiri haki za watu. Shirika linaloweza kukuvua uanachama au kukuzuia kufanya kazi linatakiwa likusikize. Ugomvi wa bei ya bidhaa na muuzaji wako, huo ni wa mkataba.

20. Mimi si raia. Nina haki hizi?

Kifungu cha 47 kinasema "kila mtu", kwa hiyo notisi, kusikizwa na sababu ni zako pia. Haki ya kuomba habari chini ya Kifungu cha 35 ni ya raia. Omba hati zako chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya 2015 badala yake (swali la 9).

21. Walinipa kibali, nimejenga, sasa wanasema kilitolewa kimakosa.

Ahadi ya wazi ya ofisi huzaa matarajio halali, na hawawezi kuyavunja bila kukusikiza. Lakini Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2014, katika kesi ya kuhamia televisheni za dijitali, kwamba hakuna matarajio halali yanayoipinga sheria iliyo wazi. Kama afisa hakuwa na mamlaka ya kutoa kibali, kibali hakikuokoi. Utabaki kupigania notisi, muda na pengine fidia.

22. Afisa anataka "chai" ili anipe kilicho changu.

Anayetoa na anayepokea wote wana kosa chini ya Sheria ya Hongo ya 2016. Ripoti kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Tofautisha tu na ada halali: ada ina kanuni, kiwango na risiti.

23. Barua ina tarehe ya miezi miwili iliyopita, imenifikia leo. Muda wangu unaanza lini?

Soma maneno ya sheria husika. Siku 14 za notisi ya utekelezaji (swali la 12) huhesabiwa tangu ulipokabidhiwa. Miezi 6 ya Agizo la 53 huhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi wenyewe, kwa hiyo tayari umepoteza miwili. Usiitupe bahasha. Andika juu yake tarehe na saa uliyoipokea na nani aliyekuletea, kisha ibane pamoja na barua kwa pini.